Motokaa Ikizima Njiani, Kwanza Tafuta Kosa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Kamati imetuomba tueleze habari za motokaa ya tawi. Wengi wenu mmeuliza kwa nini fedha za akiba zimepungua, na kwa nini hatukuwahi mazishi ya mwenzetu. Maswali hayo ni ya haki. Sisi wanne wa karakana ndio tuliokabidhiwa motokaa ile, basi ni juu yetu kujibu.

Motokaa yetu ni Morris Minor ya mwaka 1964. Aina hii ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, nayo haina kompyuta wala mambo ya siri. Injini yake yataka hewa, petroli, na cheche ya moto inayokuja kwa wakati wake. Ikizima ghafula, mara nyingi petroli imekosekana au cheche imekosekana. Kazi ya kwanza ni kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Sisi hatukufanya hivyo. Juma moja kabla ya mazishi, injini ilianza kukohoa kila tulipopanda mlima. Tukasema, "Haipati petroli." Tukanunua pampu mpya. Ikakohoa. Tukanunua kabureta. Siku mbili ikaenda vizuri, tukajisifu. Siku ya mazishi, tukiwa na mchango wa mjane mfukoni, ikazima katikati ya njia. Tulifika jioni, kaburi limekwisha kufunikwa. Mjane alitupokea kwa upole, na upole ule ulituuma kuliko matusi.

Siku ya pili mzee mmoja mstaafu wa reli alikuja kuitazama. Akatuuliza, "Wanangu, mliiuliza injini, ama mliiambia?" Hatukuwa na jibu. Basi akatufundisha utaratibu huu, nasi twawapa ninyi.

Kwanza, tafuta cheche kabla hujafungua bomba lolote la petroli, maana petroli na moto havikai pamoja. Toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini, na mwenzako azungushe injini. Usiishike kwa mkono mtupu. Cheche ikiwa ya buluu na yenye nguvu, umeme ni mzima kwa wakati ule. Ikiwa nyekundu na dhaifu, au haipo, usiguse kabureta.

Pili, kama cheche haipo, fungua kifuniko cha distributa. Tazama kama kina ufa au unyevu. Tazama pointi: zikiungua, zisugue kwa msasa laini, kisha pima nafasi yake ikiwa wazi kabisa. Kwa motokaa yetu nafasi hiyo ni kama milimita 0.4, na ya plagi ni milimita 0.6.

Tatu, chukua balbu ya motokaa na nyaya mbili. Waya mmoja uweke kwenye koili, upande unaokwenda kwenye distributa. Wa pili kwenye chuma cha injini. Fungua swichi, zungusha injini polepole kwa hendeli. Pointi zikiachana balbu yawaka, zikigusana yazima. Ikiwaka daima, umeme haupiti kwenye pointi. Isipowaka kamwe, ama umeme haufiki kwenye koili, ama unavujia kwenye chuma.

Nne, kama cheche ni nzima, ndipo uende kwenye petroli. Pampu ya Morris hii ni ya umeme, nayo husema. Fungua swichi usikilize: italia tik-tik mara chache, kisha itanyamaza kabureta ikijaa. Ikilia upesi bila kukoma, tangi ni tupu au bomba linavuta hewa. Isipolia kabisa, tazama waya wake kwanza. Tena fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na motokaa ikapata nguvu, tundu la kifuniko limeziba. Dawa yake ni sindano tu.

Sasa, kosa letu lilikuwa nini? Mzee alifunga balbu, akaacha pointi zikigusana. Balbu ilizima, kama ipasavyo. Kisha akasukuma kwa kidole kile kisahani kinachobeba pointi, nayo ikawaka! Ndani ya distributa mna waya mwembamba unaopinda kila kisahani kinapocheza. Ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake; kwa nje ulionekana mzima. Tulipobadili mwendo wa mguu mlimani, kisahani kilicheza, waya ukaachana, cheche ikapotea. Lilikuwa kosa la umeme lililovaa nguo za petroli. Waya wenyewe haukufika urefu wa kidole.

Ndugu zangu, gari la moshi haliondoki stesheni mpaka mkaguzi amelipitia toka kichwa hadi mkia. Hasemi, "Nadhani breki ni nzima." Sisi tunaoijua kanuni hiyo kazini tuliisahau tulipopewa mali yenu.

Kwa hiyo, pampu na kabureta za zamani, ambazo zilikuwa nzima, zimewekwa stoo. Gharama ya zile mpya tutailipa sisi wanne, kidogo kidogo kila mwezi, mpaka iishe. Tena twaomba mkutano ukubali jambo moja: tangu leo kisinunuliwe kifaa chochote cha motokaa mpaka kosa limeonekana kwa macho na kuandikwa kitabuni.

Kwa mjane tumekwenda tena kuomba radhi. Kwenu pia twaomba radhi.