Mvua ni ya Mungu, Bajeti ni ya Wanadamu



Tumezoea kuambiwa kwamba Murang'a na Kericho zimeendelea kwa sababu zina mvua, na kwamba Wajir, Turkana na Tana River zimebaki nyuma kwa sababu ni kame. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mvua huletwa na Mungu. Barabara, visima na viwanda huletwa na bajeti.

Mkoloni aliielekeza reli na wataalamu wa kilimo kwenye nyanda za juu za walowezi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliopanua kilimo cha kahawa na chai miongoni mwa Waafrika, uliegemea zaidi maeneo yenye rutuba. Kaskazini ilifungwa kwa sheria: mtu haingii wala hatoki bila kibali.

Uhuru ulipofika, tulitumaini mkondo utageuzwa. Lakini Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema waziwazi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Wengine waliahidiwa kusaidiwa kutokana na faida ya wenzao. Barabara na umeme zilikuwa wapi, ila pale pale mkoloni alipoziweka? Aliyenacho akaongezewa, asiyenacho akaambiwa asubiri.

Tazameni matokeo. Mwaka 1964 mkulima mdogo wa chai aliundiwa halmashauri ya kumpatia miche na mbolea, kukusanya majani yake na kumjengea kiwanda. Mfugaji je? Tume ya Nyama, iliyoundwa mwaka 1950, ilizorota ikafungwa, na haikufunguliwa tena hadi mwaka 2006. Lami kutoka Isiolo haikufika Moyale ila katika miaka ya 2010. Ng'ombe akitembezwa siku nyingi hufika sokoni amekonda, na bei hupangwa na mlanguzi. Na kumbukeni, nchi kame na nusu kame ni takriban asilimia 80 ya Kenya.

Hatumwonei kijicho mkulima wa chai. Naye ana vilio vyake. Tunachodai ni kwamba jasho la mfugaji lithaminiwe kama jasho lake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ndugu zangu, kilichoandikwa na wanadamu huweza kuandikwa upya, nasi tulikiandika upya mwaka 2010. Kifungu cha 204 cha Katiba kiliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Lakini hazina hiyo ilipewa miaka 20 tu, na mingi kati ya hiyo imepotea katika ucheleweshaji na mabishano. Muda wake unakwisha mwaka 2030, isipokuwa Bunge liuongeze kwa sheria.

Kwa hiyo, kila mgombea atakayekuja kuomba kura aulizwe mambo matatu. Fedha zilizodaiwa zimelipwa kiasi gani? Zimechimba kisima gani, na wapi? Nawe utapiga kura muda uongezwe, au deni lizikwe? Asiyejibu, msimpe kura.

Haki haisubiri mvua.