Somo la Redio: Kupanga Picha Zikawa Filamu

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Karagwe na Kyerwa, fungueni daftari zenu. Asiyeona ubao vizuri na asogee mbele, maana leo mwalimu wenu atachora ubaoni wakati mimi ninaposema.

Somo letu ni hili: kuchukua picha zilizopigwa kwa simu, kuzipanga katika kompyuta, kuzitilia sauti, na kuzitoa zikiwa filamu moja. Mfano wetu utakuwa mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu ulionekana Uganda mwaka 2001, na kufika mwaka 2006 ulikwisha kuingia mkoa wetu wa Kagera. Hapana haja niwaeleze ninyi maana ya shamba la ndizi lililokufa. Basi tuseme kikundi chenu kimeombwa kuonyesha picha za ugonjwa huu katika mkutano wa kijiji pale Nkwenda. Picha zikipangwa ovyo, mtu aweza kurudi nyumbani akakata migomba mizima, au akaiacha ile inayougua.

Kuwafunza watu kwa picha si jambo geni. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya filamu za mafunzo yenye makao Vugiri, katika milima ya Usambara. Lori lilibeba mashine likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Filamu zile hazikuwa na sauti ndani yake. Sauti ilikuwa katika sahani za santuri, ikipigwa kando. Kwa hiyo picha zilibaki zile zile, na lugha ikaweza kubadilishwa. Likumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kufungua programu, wekeni picha zote katika folda moja, mkaipe jina, tuseme MIGOMBA. Kila picha ipeni namba: 01, 02, 03, hata 12. Msiache ile sifuri ya mbele. Mahali pengine kompyuta husoma tarakimu ya kwanza tu kwanza, ikaweka 10 karibu na 1, kabla ya 2, na mpango wenu wote ukavurugika. Tena msiihamishe folda hiyo kazi ikiisha kuanza. Programu haimezi picha zenu. Yenyewe huandika tu kwamba picha fulani iko mahali fulani, ionekane kwa muda fulani. Mkiihamisha au kuifuta picha, programu itaitafuta na kuikosa.

Programu za kazi hii ni nyingi. OpenShot na Kdenlive hazilipiwi, na simu nazo zina zake. Zote zafanana kwa jambo moja: chini ya kioo pana mstari wa wakati, unaokwenda toka kushoto kuelekea kulia. Juu ya mstari huo zimo njia, moja juu ya nyingine, kama matuta. Picha huwekwa katika njia moja, sauti katika njia nyingine. Mwalimu, tafadhali chora matuta mawili ubaoni.

Hapa ndipo penye kazi. Picha ipi itangulie? Wengi huanza na jani la njano, kwa sababu laonekana kwa urahisi. Lakini jani la njano peke yake halimwambii mkulima kitu cha hakika. Mgomba wenye ugonjwa wa Panama nao hugeuka njano. Mgomba wenye njaa ya mbolea vile vile. Ukionyesha jani hilo na kusema, “Huu ndio mnyauko,” umesema kweli nusu, na nusu hiyo yaweza kumponza mtu.

Kwa hiyo zipangeni hivi. Kwanza shamba zima kwa mbali, mtazamaji ajue yuko wapi. Kisha mgomba mmoja. Kisha jani. Halafu, pasipo kukawia, ua dume lililosinyaa. Halafu mkungu wenye ndizi chache zilizoiva kabla ya wakati wake. Halafu ndizi hiyo imekatwa, ndani ni ya kahawia. Mwisho shina lililokatwa, linatoka utomvu wa njano. Ugonjwa wa Panama hauigeuzi nyama ya ndizi kuwa kahawia hivyo, wala hautoi utomvu ule. Hizo ndizo picha saba. Jani limepata maana yake kwa picha zilizolifuata.

Picha tano zilizosalia ni za matendo: kijiti chenye panda, mkono ukilivunja ua dume kwa kijiti hicho mara chane ya mwisho ikiisha kutokea, panga likipitishwa motoni, shina linalougua likikatwa, na mbuzi aliyefungwa mbali na shamba. Ua dume halikatwi kwa panga, maana panga hubeba ugonjwa toka mgomba hadi mgomba.

Tupige hesabu. Kdenlive, ikiachwa kama ilivyo, huipa kila picha sekunde 5. Picha 12 mara 5 ni ngapi? Vema, ni 60. Lakini maelezo yenu mliyorekodi ni dakika 3, yaani sekunde 180. Picha zitakwisha, na sauti itasema gizani dakika 2 nzima. Basi nyosheni picha: shikeni ukingo wa kipande, mkakivute kuelekea kulia. Msizigawie sawa, sekunde 15 kila moja. Picha ya shamba zima yatosha kwa sekunde 6. Ndizi iliyokatwa yahitaji 25, maana kila mtu atataka kuitazama, na wazee watataka kuuliza jirani.

Programu pia huwa na mipito: picha huyeyuka ikaingia nyingine, au huzunguka kama pia. Mimi sipendi hiyo ya kuzunguka. Watu huitazama yenyewe wakasahau mgomba. Hata ile ya kuyeyuka ina hatari yake. Kwa kitambo kidogo picha mbili huonekana pamoja, na ndizi nzima yaweza kuonekana kama ina kahawia. Kati ya picha ya ugonjwa na picha ya uzima, kateni moja kwa moja. Tena katika OpenShot, kuyeyusha ni kulalisha kipande juu ya kipande. Mkiyeyusha mara 11 kwa sekunde moja moja, mmepoteza sekunde 11, na sauti haitalingana na picha tena.

Picha ya simu iliyopigwa imesimama haijazi kioo. Filamu ya kawaida ina upana wa nukta 1920 na kimo cha 1080. Picha iliyosimama yenye kimo hicho huwa na upana wa 810 tu, na giza la nukta 555 hubaki kila upande. Pigeni picha simu ikiwa imelala.

Maneno juu ya picha yawe machache, herufi kubwa. Yasomeni kwa sauti, polepole, mara mbili. Muda huo ndio muda wa kuyaacha kiooni.

Sauti rekodini katika chumba chenye nguo na mablanketi, simu karibu na mdomo, milango imefungwa. Filamu ikiisha kutolewa kwa Kiswahili, ondoeni njia ile ya sauti, mkaweke nyingine ya Kinyambo, kama walivyobadili santuri watu wa Vugiri. Lakini pimeni tena muda wa kila picha, kwa sababu sentensi za lugha mbili hazina urefu mmoja.

Filamu ya dakika 3, ikitolewa kwa megabiti 4 kila sekunde, ni megabiti 720. Gawanyeni kwa 8: ni megabaiti 90. Kwa megabiti 1 ni 22 na nusu, yafaa kutumiwa kwa simu. Bali ile kubwa itunzeni kwa mkutano.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kipige picha 4 za jambo moja, kahawa ikianikwa, au kisima, au lolote. Ziandikeni namba, mziweke mezani, mwite mtu asiyekuwa darasani, naye aseme anachokiona. Andikeni maneno yake yote, hata yakiwa siyo mliyoyatazamia.