Afya Si ya Muungano, Basi Siri ya Mgonjwa Zanzibar Inalindwa na Nani?

(Maneno yaliyosemwa kwenye darasa la vijana, Mji Mkongwe)



Nimeombwa nizungumzie taarifa za wagonjwa. Najua wengine mlitarajia mambo ya uchaguzi. Ngojeni, tutafika huko huko.

Nyote mnamjua mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba na simu mkononi. Anamuuliza mjamzito: mimba ya ngapi, zimeharibika ngapi, umeshapima, mtoto kapata chanjo? Majibu yanaingia kwenye programu ya simu. Mpango huu ndo Jamii ni Afya. Wizara ya Afya iliujenga pamoja na shirika la kimataifa la D-tree, na umeenea Unguja na Pemba ukiwa na wahudumu zaidi ya 2,000. Ni kazi nzuri. Mama mwenye dalili za hatari anaambiwa mapema aende hospitali. Asitokee kati yetu wa kumfungia mlango mhudumu, na wala sisemi kuna shirika limefanya ubaya.

Swali langu ni jengine: jibu likishaingia kwenye simu, nani anaweza kuliona? Wizara, sawa. Lakini mfumo kama huu una mjenzi, una mfadhili, una mtafiti, na siku hizi Serikali inaingia ubia na kampuni binafsi kuendesha baadhi ya huduma za hospitali. Mfadhili anataka idadi, wajawazito wangapi wametembelewa. Idadi haimuumizi mtu. Jina, shehia na namba ya simu ni habari nyengine. Na hata jina ukiliondoa, ukaandika "mwanamke, miaka 41, Shangani, kajifungua mapacha", mji wenyewe huu bwana, ukipiga chafya Malindi, Darajani wanakuombea dua.

Sasa tuje kwenye sheria. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Inamtaka anayekusanya taarifa akwambie anazitakia nini. Lakini isomeni mwanzoni kabisa, kifungu cha 2: kwa upande wa Zanzibar, haihusu mambo yasiyo ya Muungano. Na afya si ya Muungano. Itafuteni kwenye orodha ile ya mambo 22, hamtaiona. Kwa hiyo mgonjwa wa Muhimbili ana mlango wa kugonga. Wa Mnazi Mmoja akigonga mlango ule ule, anaweza kuambiwa hapa sipo.

Anabaki na kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar, kinacholinda faragha ya mtu, na uaminifu wa daktari wake. Katiba inatamka haki. Haikwambii nani asaini nini kabla taarifa hazijapelekwa kwa mshirika, zikae wapi, na zifutwe lini mkataba ukimalizika.

Sisi tunaodai mamlaka kamili kila siku, hapa mamlaka tunayo! Afya ni yetu, Baraza la Wawakilishi ni letu, na sheria hii haihitaji ruhusa ya Dodoma. Tuidai.

Jirani zetu wameshaanza kupambana. Desemba 2025 Serikali ya Kenya ilisaini makubaliano ya afya na Marekani. Watetezi wa wateja wakakimbilia Mahakama Kuu Nairobi, na ndani ya siku chache mahakama ikazuia kwa muda ile sehemu ya kuhamisha taarifa za wagonjwa. Waliweza kwa sababu Kenya ina sheria yake ya 2019 ya kusimamia. Sisi tungesimama na nini?

Na hapa ndo uchaguzi unapoingia. Mnajua Zan ID inavyomzuia kijana kujiandikisha kupiga kura, na mnajua barua ya sheha ilivyo. Siku rekodi ya hospitali ikiunganishwa na namba ile ile, bila sheria, nani atatuhakikishia kwamba anayefungua faili ni daktari peke yake?

Kwa hiyo ukienda kituo cha afya, uliza kwa adabu: hizi taarifa zinaonwa na nani mwengine? Mhudumu asipojua, si kosa lake, usimgombeze. Andika tarehe na kituo, tuletee. Tukipata majibu ya kutosha tutayapeleka kwa wawakilishi wetu, waiombe Wizara ilete Barazani zile sehemu za mikataba zinazohusu taarifa.

Haya, maswali. Anza wewe dada, ulinyoosha mkono zamani.