Sahani ya Chakula na Heshima ya Mtu



Tunapozungumzia haki ya chakula, mara nyingi tunafikiria magunia na malori ya misaada. Leo twapenda tuitazame haki hiyo katika mahali padogo mno: mkahawa wa viti 12 katika mtaa wa Jimbocho, jijini Tokyo, nchini Japani, mtaa unaojulikana kwa maduka yake ya vitabu vikuukuu.

Mkahawa huo huitwa Mirai Shokudo, maana yake "Mkahawa wa Siku Zijazo". Ulifunguliwa mwezi Septemba 2015 na Bibi Sekai Kobayashi, aliyesomea hisabati chuo kikuu na kufanya kazi ya uhandisi wa kompyuta kabla ya kushika mwiko. Nia yake ilikuwa kuweka mahali ambapo kila mtu anapokewa. Tuangalie mambo matatu katika utaratibu aliouweka.

Kwanza, kazi. Mtu aliyekwisha kula hapo walau mara moja aliweza kusaidia kwa dakika 50, akiosha vyombo, akifagia au akipakua chakula, na kwa kazi hiyo akapata mlo mmoja. Wahenga wetu walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa uchoyo. Walijua kwamba anayeshika jembe haketi tena kama mgeni, bali amekuwa mwenyeji.

Pili, ukarimu usioaibisha. Aliyefanya kazi na asiuhitaji mlo wake aliweza kubandika tiketi ukutani. Mwenye shida aliibandua, akaitoa, akala. Hakutakiwa kueleza umaskini wake, wala hakumjua aliyemwachia. Hapa yatupasa tujihoji. Ni mara ngapi tumewapanga maskini mstari mbele ya macho ya watu, tukawasomea majina, tukawapiga na picha? Tumbo limeshiba, lakini mtu amerudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Tatu, kutokupoteza. Mkahawa huu uliandaa mlo wa aina moja tu kwa siku, na kesho yake ukabadilisha. Palipo na orodha ndefu ya vyakula, jiko hulazimika kuweka akiba ya vitu vingi, na visivyoagizwa huoza. Palipo na mlo mmoja, mpishi ajua anunue nini na kiasi gani, na mgeni hangoji. Jambo hili si dogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Basi lawama haiwaangukii wenye mahoteli peke yao.

Tena, Bibi Kobayashi aliyatangaza hadharani mapato na matumizi ya mkahawa wake. Anayepokea jasho la watu na sadaka zao hana budi kuwapa hesabu.

Hata hivyo, ndugu, tusiige bila kupambanua. Mwenye hoteli akiwaita wapishi wake "watu wa kujitolea" ili asiwalipe mshahara, huo ni unyonyaji uliovikwa kanzu ya upendo. Dakika 50 kwa hiari ya mtu, na malipo yake yakajulikana mapema, ni jambo moja. Siku nzima ya kazi bila ujira kwa sababu mtu hana pa kwenda ni jambo lingine. Kamati zetu za haki na amani zinapaswa kujua tofauti hiyo na kuisema waziwazi.

Kwa hiyo twawaachia maswali haya, myajadili katika jumuiya ndogondogo:

1. Misaada tunayoitoa humwacha mpokeaji na heshima yake? Je, yeye naye hupewa nafasi ya kutoa kitu?

2. Katika sherehe zetu, chakula kinachobaki huenda wapi, na nani hupanga kiasi cha kupika?

3. Wanaotupikia na kutuoshea vyombo hulipwa haki yao, na kwa wakati?

Mkishajadili, amueni jambo moja mtakalolianza mwezi huu, na mteue mtu wa kulifuatilia.