Lango la Shukrani

Jioni ya leo nawaletea habari za skuli ya Culver, katika jimbo la Indiana, Marekani. Iliasisiwa mwaka 1894, na wavulana wake huvaa sare na kupiga gwaride mithili ya askari.

Kila mwaka, mwezi wa Mei, wanafunzi wa zamani hualikwa kurudi. Huonana na wenzi wao na kutazama vijana wakipita kwa safu. Lakini kitu kilicho bora kuliko gwaride ni lango moja la skuli.

Kisa chake ni hiki. Machi 1913 mito ilifurika mjini Logansport, watu wakazingirwa na maji majumbani mwao. Wavulana wa Culver wakazipakia garimoshini mashua walizojifunzia ziwani, wakaenda, wakapiga makasia katika baridi kali, wakaokoa watu wapatao 1,400. Wenyeji wakajenga lango hilo kuwa shukrani.

Basi alipitaye hukumbushwa kwamba gwaride ni ganda tu. Kiini ni kumfaa jirani siku ya shida. Nanyi wanafunzi, mtakaporudi skulini kwenu mkiwa wazee, mtakumbukwa kwa tendo gani? Wema hauozi.