Sala Dhidi ya Wasiwasi



Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilipungua mno, na katika nchi ya Kajiado ng'ombe wengi sana walikufa. Mfugaji alikosa usingizi akiona zizi lake likipungua. Huko Kitengela mpangaji naye hulala macho wazi, akihesabu kodi ya nyumba, karo ya watoto na nauli ya kwenda Nairobi.

Mtu kama huyo tusimwambie kwamba shida yake si kitu. Lakini katika Injili ya Mathayo, mlango wa 6, Bwana Yesu alitufundisha kuomba chakula cha siku moja, wala si cha mwaka mzima. Basi usiku na amtajie Mungu shida zake moja moja, kama mtoto amwelezavyo babaye, kisha alale. Asubuhi na atende kazi moja ya siku hiyo: mfugaji auze mnyama mmoja kabla hajakonda, na mpangaji akaseme na mwenye nyumba mapema.

Sala haimshurutishi Mungu kuleta mvua. Humpa mtu moyo wa kuingojea na nguvu za kutenda. Na mkimwona jirani amelemewa, ombeni naye, kisha msaidieni.