Baraka Baada ya Shibe



Wengi wetu husali kabla ya kula. Wachache husali wakiisha kushiba. Njaa hukumbusha, shibe husahaulisha. Basi leo tuitazame meza ya Wayahudi, maana katika meza hiyo Bwana wetu alilelewa.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, chaagiza Mungu ahimidiwe mtu akiisha kula na kushiba. Walimu wa Kiyahudi wakaongeza baraka za kabla ya chakula, wakifundisha kwamba anayeonja mema ya dunia pasipo kumhimidi Muumba ni kama ameiba vitu vitakatifu. Katika Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, mkate una baraka yake, divai yake, tunda la mti lake, na zao la ardhi lake. Wakila watatu pamoja, mmoja huwaalika wenzake kushukuru.

Sala ya baada ya mlo ina baraka nne: ya Mungu alishaye wote, ya nchi, ya Yerusalemu, na ya wema wake. Hiyo ya nne, yasimulia Talmudi, iliwekwa waliouawa Betar, mji ulioanguka mwaka 135, walipopata kuzikwa. Hata katika msiba hawakuacha kushukuru.

Tena, kibarua wa ujira aliruhusiwa kuifupisha sala hiyo, asije akamwibia mwajiri saa za kazi. Na aliyeiba ngano, akaisaga, akaioka, kisha akaibariki? Walimu walijibu: huyo habariki, bali anakufuru.

Wapendwa, hapo ndipo penye neno letu. Baraka ya chakula huuliza pia chakula kimetoka wapi. Mshahara wa mtumishi uliozuiliwa, shamba la mjane lililonyang'anywa, mizani iliyopunja: vyote hufika mezani pamoja na chakula, wala ishara ya msalaba haivifuti. Yesu mwenyewe alipokwisha kushukuru, aliumega mkate akawapa wengine.

Basi leo, chakula kikiisha, wazazi msiwaache watoto waondoke upesi. Mshukuruni Mungu pamoja. Kisha mwulizane: je, yuko mtu ambaye tumekula jasho lake? Kama yuko, kesho asubuhi alipwe. Ndipo baraka yetu itakapokuwa baraka kweli.

Tumsifu Yesu Kristo.